Kijiji kilichohesabu watu Agosti kikachimba mtaro Novemba: uchambuzi wa kisa kutoka Kigoma

Kuhusu kisa chenyewe

Hiki ni kisa cha kijiji kimoja cha nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Jina la kijiji, kata na wilaya nimeyaondoa, majina ya watu pia, na vitu vingine vidogovidogo nimevigeuza ili jirani asije akasoma akasema aaah huyu si fulani. Namba za kijiji nazo sitaji, maana kwa huku ukitaja idadi ya kaya ukataja na mradi basi mtu ameshakijua kijiji. Namba utakazoona ni za mkoa na za nchi, hizo ziko wazi.

Nawaandikia watendaji, wenyeviti, maafisa maendeleo ya jamii na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao mtu akasema "vijana wote wameondoka", watu wakatikisa vichwa, halafu ajenda ikaendelea kama vile hakuna kilichosemwa.

Usuli: mkoa kwanza, kijiji baadaye

Sensa ya 2012 ilikuta Kigoma ina watu 2,127,930, ile ya 2022 ikakuta 2,470,967. Huo ni ukuaji wa asilimia 1.5 kwa mwaka wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Sasa mchukue jirani, Tabora: 2,291,623 mwaka 2012, 3,391,679 mwaka 2022, asilimia 3.9 kwa mwaka. Mikoa iliyokuwa imepishana watu laki moja na sitini na kitu, miaka kumi baadaye imepishana laki tisa na ushee! Na sio kwamba Kigoma watu wameacha kuzaa, uzazi wa huku bado uko juu ya wastani wa taifa. Kama Kigoma ingekua kwa kasi ya nchi nzima leo tungekuwa tunaongelea watu milioni 2.9 hivi. Sisemi pengo lote ni wahamaji, na wala Tabora haikujazwa na Waha wa Kigoma peke yao, Wasukuma na ng'ombe zao wana sehemu kubwa sana kule, ila mtu akikwambia watu wa vijijini wakihama wanakwenda mjini tu muonyeshe hizo namba mbili. Tabora haijakua hivyo kwa sababu ya Tabora mjini. Watu wametoka kijijini kwenda porini kufungua kijiji kingine.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya watu kuhusu Kigoma. Kati ya 1988 na 2002 mkoa huu ndio ulikuwa unakua haraka kuliko yote, asilimia 4.8 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa wakimbizi wa Burundi baada ya 1993 na wa Zaire baada ya 1996. Kwa hiyo kuna wazee wa vikao ambao kichwani mwao bado Kigoma ni mkoa "unaojaa watu", wanapanga mambo kwa picha ya miaka ile.

Kuondoka kwenyewe si kitu kipya. Babu za hawa vijana walikwenda manamba kwenye mkonge, Tanga na Morogoro huko. Mkoloni aliuacha mkoa huu uwe wa kutoa vibarua, reli ya kati ilishafika Kigoma tangu 1914, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU. Wazee wa kijiji hiki bado wanalijua hilo jina.

Kijiji ni cha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali ilipokusanya watu vijijini, nyumba zimejipanga kando ya barabara juu ya mgongo wa kilima, mashamba yanateremka mpaka bondeni. Muhogo, maharage, mahindi, migomba, kahawa kidogo. Mzee ana ekari tatu na watoto wa kiume sita, hesabu hiyo kila mtu anaiweza. Ukiuliza mbona ardhi ipo kule chini Uvinza, humuhumu mkoani, utajibiwa ipo ndiyo, lakini kule nako unaanza upya ugenini, na kama ni kuanza ugenini bora uanzie kwenye hela.

Wanavyoondoka

Hela ni tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge, wilaya za Tabora hizo, wengine wanapitiliza mpaka mkoa wa Katavi.

Dalali anakuja mwishoni mwa Agosti au Septemba, mara nyingi ni kijana wa humuhumu aliyekaa huko misimu kadhaa na tajiri wake, mwenye shamba la tumbaku, kamtuma alete watu watatu wanne. Nauli analipa tajiri, chakula anatoa tajiri, vyote vinaandikwa kwenye daftari vitakatwa. Kazi inaanzia kitaluni, mvua zikishika unapandikiza, palizi, kukata maua, kuchuma, kukausha kwenye bani, banda la kukaushia, unachochea kuni usiku na mchana, kupanga madaraja, kufunga marobota, ndipo soko. Hela ya kibarua inatoka mwisho kabisa, tumbaku ikishauzwa, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikishalipwa, tajiri akishakatwa madeni yake ya mbolea. Maana yake kibarua akirudi nyumbani Januari, hata kwa msiba, amefanya kazi bure tangu Septemba. Hii naomba msomaji aishike kuliko kitu kingine chochote kwenye kisa hiki.

Wanarudi Julai, Agosti. Jamani Agosti kijijini kuna watu! Harusi, mahari, mabati yanashushwa, pikipiki mpya zinazunguka bila sababu. Ukifika Agosti ukaambiwa kijiji hiki kina upungufu wa wanaume utacheka.

Halafu kuna hatua. Msimu wa kwanza kijana anakwenda peke yake na kurudi. Msimu wa tatu wa nne tajiri anamgawia kaeneo pembeni alime chake, au anaingia porini anafyeka. Hapo anamwita mke, kwa sababu kufunga majani kwenye fito ni kazi ya mikono mingi na mikono ya mke hailipwi. Mke akienda mtoto mdogo anaenda, wakubwa wanabaki kwa bibi. Baadaye wakubwa nao wanafuata. Ukifika kijijini unaona nyumba nzuri za bati zimefungwa kufuli, wenyeji wanaziita za tumbaku, na nyumba ya udongo pembeni yake ndiyo yenye moshi.

Kilichotokea, mwaka wa kwanza

Kijiji kilipata mradi wa maji ya mserereko kutoka chemchemi ya juu. Serikali inaleta mabomba na fundi, wananchi wanachimba mtaro. Utaratibu wa kawaida, hakuna mtu aliyeulalamikia.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika Agosti na ulijaa. Daftari la wakazi lilikuwa limetoka kuhuishwa, lina majina ya kila kaya, wanaume, wanawake, watoto. Halmashauri ya kijiji ikapendekeza urefu wa mtaro ugawanywe sawa kwa kaya zote, kila kaya ipewe mita zake. Sababu ya mwenyekiti ilikuwa ya haki kabisa, miradi ya nyuma ilikuwa na maneno kwamba kitongoji fulani kinachimba wengine wanakunywa, kwa hiyo safari hii sawa kwa sawa asiwepo wa kulalamika. Vijana walikuwepo wakanyoosha mikono, wengine wakasema hizo mita ni za asubuhi moja tu.

Mabomba yakaja mwishoni mwa Oktoba. Kazi ikatangazwa Novemba.

Walionyoosha mikono walikuwa Kaliua.

Vitongoji viwili vya barabarani vilimaliza kwa wakati, huko kuna wenye maduka na mashine, wakalipa watu wa kuwachimbia. Vya bondeni vikabaki nyuma. Waliokuja na majembe walikuwa wanawake, wengine na mtoto mgongoni, mvua imeshaanza, na ni wakati huohuo wa kupanda mahindi, kwa hiyo mama akichimba mtaro shamba linachelewa. Udongo ukawa unaporomoka, kipande kilichochimbwa wiki hii wiki ijayo kimejifukia.

Desemba uamuzi wa pili ukapita, faini. Kaya ambayo haijamaliza mita zake italipa, ikishindwa mgambo watakamata mali. Nimeuliza mmoja wa wajumbe kwa nini walifika huko akasema waliogopa mradi kuhamishiwa kijiji kingine, waliambiwa kwamba kama mtaro haupo mabomba yataondoka, na kwa kweli kitisho hicho kilikuwa cha kweli, kijiji cha jirani kilikuwa kinayaomba. Kwa hiyo si ukatili wa bure. Ila walichokamata ni kuku na mbuzi wa wanawake, kwenye nyumba moja bati lililokuwa limeegeshwa ukutani linasubiri mwenyewe aje kuezeka. Wake wakapiga simu kwa waume, waume wakasema subirini Juni.

Kwenye mkutano wa Januari bibi mmoja alisimama. Mwenyekiti alikuwa anasoma majina ya kaya zinazodaiwa, ya kwake imo.

"Mwenyekiti mwanangu, hiyo kaya unayoisoma hapo ni mimi na wajukuu wanne. Nimtume yupi akachimbe?"

"Bibi, daftari linasema hapo kwako kuna wanaume watatu."

"Wapo mwanangu. Wapo Tabora."

Watu walicheka sana, mwenyekiti mwenyewe alicheka. Jina la bibi halikufutwa.

Uamuzi wa tatu: mashamba

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito.

Februari halmashauri ya kijiji ilikaa ikaamua kwamba mashamba ya bondeni ya kaya zilizoshindwa, hasa yale yaliyolala bila kulimwa, wapewe watu watakaochimba mita za kaya hizo. Kwenye karatasi inaonekana akili nzuri. Mtaro utachimbwa, ardhi iliyolala italimwa, wenye njaa ya ardhi watapata. Na njaa ya ardhi ipo, kuna vijana waliobaki ambao hawana hata robo eka, wanaona shamba la mtu aliyeko Kaliua limeota nyasi msimu wa pili huu.

Matatizo yalikuwa mengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na hapa mkutano mkuu haukuulizwa. Sheria hiyohiyo inapoongelea ardhi iliyotelekezwa inataka isiwe imetumika kwa miaka isiyopungua mitano na kuna taratibu za notisi, huwezi kuamka ukasema hili limelala. Na mengi ya hayo mashamba hayakuwa yametelekezwa, yalikuwa yamepumzishwa, au mke ameshindwa kuyalima yote peke yake. Mtendaji aliwatahadharisha, lakini kwa mdomo, kwenye muhtasari haikuandikwa, na baadaye hilo lilimponza yeye. Juu ya yote baadhi ya waliopewa walikuwa ndugu wa wajumbe. Sina ushahidi kwamba ilipangwa, kijiji kidogo kila mtu ni ndugu wa mtu, ila huwezi kumweleza hivyo mtu aliyepokonywa.

Mtaro ulisonga kidogo. Lakini mmoja wa waliopewa shamba alipanda kahawa na miparachichi. Kila mtu wa huku anajua maana yake, ukipanda zao la kudumu kwenye shamba la kuazimwa umeshatangaza kwamba huondoki.

Julai wenyewe wakaanza kurudi. Kijana mmoja alikuta miche ya mtu mwingine kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba yake. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti na maneno yake bado yanarudiwa kijijini: "Mzee, mimi nilikwenda kutafuta, sikufa." Usiku wa siku hizohizo miche iling'olewa, aliyeng'oa hakujulikana, kesi mbili zikaenda baraza la ardhi la kijiji, na kuna jioni moja watu walishika mapanga. Bahati nzuri wazee wa pande zote mbili waliingia kati.

Uamuzi wa nne: kuhesabu mara mbili

Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye aliyekuja na wazo ambalo kwa macho ni dogo mno. Alisema kabla hamjaamua kitu kingine chochote hesabuni watu sasa hivi Agosti, halafu Januari rudini nyumba zilezile muhesabu tena. Wenyeviti wa vitongoji wapite na daftari la kawaida la shule. Kila jina waandike yupo au hayupo, kama hayupo yuko wapi, kaenda peke yake au na familia, na watoto wake wanalala kwa nani.

Halmashauri ya kijiji ilikubali bila mjadala mrefu, nadhani kwa sababu walikuwa wamechoka kugombana.

Na hawakusubiri Januari ndipo wafanye kazi. Kipande cha mtaro kilichobaki kilitangazwa palepale Agosti, wanaume wakiwepo. Wazee na wajane wakaondolewa kwenye mgao. Aliyesharudi Tabora mapema, au hataki kushika jembe, akaruhusiwa kutuma hela kwa simu achimbiwe, wakati ambao ameshalipwa hela ya tumbaku na anayo. Mashamba yakarudishwa kwa wenyewe kwenye mkutano mkuu wa hadhara, na waliokuwa wameshalima waliachiwa wavune kwanza. Kisha likafunguliwa daftari la kuazimana mashamba, jina la mwenye shamba, la mwazimaji, mipaka, mashahidi, linarudi lini, na mstari mmoja kwamba mazao ya kudumu hayaruhusiwi.

Matokeo

Mtaro uliisha kabla ya mvua. Maji yanatoka.

Hesabu ya Januari ilipokuja iliwashtua hata wale waliodhani wanajua. Wanaume wa kati ya miaka 18 na 40 walioandikwa kwenye daftari la wakazi, waliokutwa nyumbani walikuwa chini ya nusu, kitongoji cha bondeni ndio usiseme. Kaya nyingi zilikuwa na mama na watoto tu, na kulikuwa na kundi ambalo hakuna aliyekuwa amelipa jina, kaya za bibi na wajukuu bila mtu mzima wa katikati.

Shule ya msingi ndiyo iliyoonyesha mapema kuliko wote. Walimu walikuwa na majina mengi kuliko vichwa, na majina hayafutwi haraka, kwanza kwa sababu mtoto anaweza kurudi Julai, pili ruzuku inafuata idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Wazazi wanaondoka na mtoto bila barua ya uhamisho, akifika Kaliua anakaa nyumbani msimu mzima anafunga majani, au anaingizwa darasa lililojaa ambalo mwalimu hajui alikuwa darasa la ngapi. Kijiji kilijaribu kuweka faini kwa mzazi anayeondoka na mtoto bila barua. Haikufanya kazi, watu wakaanza kuondoka usiku. Walipobadilisha, mwalimu mkuu akawa anakaa na fomu kwenye mkutano wa Agosti watu wazichukue bila kuulizwa maswali, barua ziliongezeka, ingawa sio wote.

Zahanati nayo ina hadithi yake. Muuguzi anasema akina mama wake wanajifungua kwa wingi Mei na Juni, hesabu mwenyewe miezi tisa kutoka Agosti. Na anasema siku hizi hiyo Mei imepungua, si kwamba watu wameacha kuzaa, ni wake waliofuata waume, mtoto anazaliwa Tabora na anaandikwa Tabora.

Kesi za mashamba zilibaki mbili. Moja iliisha kwa mwenye miche kulipwa fidia ya nguvu zake. Ya pili iliisha kwa namna ambayo kijiji hakikuipenda, yule kijana wa "sikufa" alishinda, akarudishiwa shamba lake, akaliuza, akamchukua na mama yake wakaenda.

Kuhama hakukupungua hata kidogo. Sioni kama kulitakiwa kupungua, hakuna aliyewapa hao vijana ekari nyingine.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoanguka

Kilichoanguka cha kwanza ni kuamini namba moja. Sensa zetu mbili za mwisho zilifanyika tarehe 26 Agosti 2012 na 23 Agosti 2022, na mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa nchi nzima sina ugomvi nayo, lazima uchague siku moja. Lakini kwa kijiji kinachotoa vibarua wa tumbaku Agosti ndio mwezi kimejaa kuliko miezi yote, na daftari la wakazi likihuishwa kipindi hichohicho linakuwa na picha ileile ya harusi. Aliyepanga mita kwa kaya hakukosea hesabu, alitumia namba sahihi ya mwezi ambao si wa kazi.

Halafu jumla yenyewe inaficha. Kijiji kinaweza kupoteza watu mia kikazaliwa watoto mia, jumla ikasimama palepale, na kazi zote zikakwama kwa sababu waliotoka ni wa miaka 25 na walioingia wana miezi mitano. Hili ndilo ambalo mimi naona watu wengi wanaliruka wanapoongelea kuhama na idadi ya watu vijijini. Nchi nzima wakazi wa vijijini hawajapungua, mwaka 2012 waliokaa mijini walikuwa asilimia 29.6 na 2022 wakawa 34.9, lakini kwa kuwa nchi imekua haraka vijijini nako watu wameongezeka kwa mamilioni. Kwa hiyo wimbo wa "vijiji vinaisha watu" kwa Kigoma hauingii vizuri. Kijiji hiki hakijaisha watu, kimebadilika umri na jinsia, na kinabadilika tena kila baada ya miezi kadhaa.

Neno kaya nalo liliwaangusha. Kugawa sawa kwa kaya ni haki pale ambapo kaya zinafanana. Mwenye duka na watoto watatu wa kiume nyumbani, na bibi mwenye wajukuu wanne, wote ni kaya moja moja.

Faini ilianguka kwa sababu ilimfuata mtu wa karibu badala ya mwenye uwezo. Kati ya Novemba na Juni kaya ya mhamaji haina hela, hela iko shambani bado ni majani. Faini ileile Julai ingelipwa bila mgambo, na ndicho kilichotokea walipoomba mchango Agosti. Sidhani hili linahitaji elimu kubwa, linahitaji mtu kwenye kikao aulize hawa watu hela wanaipata mwezi gani.

Kuhusu mashamba mimi maoni yangu ni makali kidogo. Shamba ndicho kitu pekee kinachomfanya aliyeondoka aendelee kuwa mtu wa kijiji. Ukilichukua hujamwadhibu, umemwachia huru, na atakachofanya ni kuhamisha waliobaki. Ile kesi ya pili ilikwenda hivyohivyo. Lakini waliobaki bila ardhi nao wana hoja, na daftari la kuazimana limewasaidia kuliko ugawaji, maana mwenye shamba sasa anaazimisha bila hofu, kabla ya hapo aliona bora liote nyasi.

Kilichofanya kazi vizuri ni kalenda. Kuhamisha kazi kutoka Novemba kwenda Agosti hakukugharimu chochote, kilichotakiwa ni mabomba yafike mapema, na hapo kijiji hakina sauti sana, mwaka wa fedha unaanza Julai na vifaa vinakuja vikija.

Jambo ambalo halikutatuliwa kabisa ni uwakilishi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na wa 2024 yote miwili ilikuwa Novemba. Wanaoondoka Septemba hawapigi kura, hawagombei, na wajumbe wanaochaguliwa wanajua hilo. Ningekuwa mjumbe na mimi pengine ningeona rahisi kugawa shamba la mtu asiyenipigia kura.

Na upande wa pili, niliongea kwa simu na watu wa kijiji hiki walioko Kaliua. Wengine wameandikwa kule na huku, wanadaiwa michango pande zote mbili. Wengine wanakaa ndani ya eneo la hifadhi ya msitu, kule hawataki kuandikwa ili wasitimuliwe, huku wameshafutwa kwa kuwa hawaonekani. Mtu mmoja madaftari mawili, mwingine hana hata moja. Mama mmoja aliniambia, "Huku mwanangu kaandikwa Mha wa kuja, nyumbani wanamwita wa Tabora." Watoto wa namna hiyo ni wengi na shule zinawahitaji kwenye hesabu.

Palipofikia sasa

Hesabu ya mara mbili inaendelea, ingawa mwenyekiti wa kitongoji kimoja anajaza Januari kwa kunakili Agosti, tumemwona. Kijiji kilipoomba mradi wa madarasa kilitaka kupeleka namba zote mbili, fomu ina nafasi ya moja, wakaandika ya Agosti.

Ugomvi wa sasa hivi ni wa maji. Bei ya ndoo ilipangwa kwa idadi ya watumiaji wote wa kwenye daftari, na kuanzia Oktoba mapato yanashuka mpaka hela ya fundi na ya mlinzi wa tenki haitoshi. Kamati ya maji inataka kupandisha bei. Akina mama wanasema hawawezi kulipia ndoo za watu walioko kwenye tumbaku, wanataka kila mwenye nyumba ya bati iliyofungwa kufuli alipe kiasi fulani kwa mwaka, atoe Julai akishauza. Kamati inasema sheria ndogo hiyo haipo. Wenye kufuli wanasema maji hawanywi. Mkutano uliahirishwa mpaka Agosti, wote wakiwepo.